MAONI: Ukienda kufunga harusi ng'ambo, usituachie bili

Kama una simu na bando, basi nawe ulihudhuria harusi ya Jeff Bezos na Lauren Sánchez kule Venice, Italia, mwezi Juni 2025. Hukualikwa, lakini ulihudhuria. Uliona boti zikipita kwenye mifereji, ukajua nani alivaa nini, kisha ukamtumia beste wako video na swali fupi: "Sisi lini?"

Hebu tulijibu swali hilo bila utani. Lakini kabla ya kulijibu, tazama jambo moja ambalo huenda lilikupita ukiwa unatazama magauni. Mwanzilishi wa Amazon, mmoja wa watu tajiri zaidi duniani, alialika watu wapatao 200. Mia mbili tu! Harusi ya kawaida ya Thika, Kisumu au Machakos hupita idadi hiyo kabla ya saa sita mchana, na bado kuna basi la watu wa ushago liko njiani.

Hapo ndipo penye stori yenyewe. Ukiwasikiliza wanaozungumzia harusi za kifahari za ng'ambo, utadhani kilichobadilika ni maua, droni na keki. Wapi! Kilichobadilika zaidi ni orodha ya wageni, na nani analipia nini. Na kwetu sisi, ambao harusi husimama kwa michango ya watu, mabadiliko hayo yanauma kuliko yanavyomuuma bilionea. Msimamo wangu ni huu: funga ndoa popote moyo wako unapotaka, lakini usichangishe pesa za watu ambao unajua fika hawatafika.

Wenye nazo hufanyaje?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2014 Italia ilipata harusi mbili zilizotazamwa na dunia nzima. Mwezi Mei, Kim Kardashian na Kanye West walioana Florence, kwenye ngome ya kale ya Forte di Belvedere. Septemba, mwigizaji George Clooney akamwoa wakili Amal Alamuddin huko Venice. Miaka michache baadaye mastaa wa India nao wakafuata njia hiyo. Desemba 2017, mchezaji kriketi Virat Kohli na mwigizaji Anushka Sharma walifunga ndoa Tuscany. Novemba 2018, Deepika Padukone na Ranveer Singh wakaoana kando ya Ziwa Como, katika jumba la Villa del Balbianello.

Hizo ndizo picha ulizoziona, na ambazo bado ziko kwenye Pinterest ya kila mtu anayeota kuvaa pete. Ila kuna kipande ambacho hakikuposti sana. Kohli na Sharma walirudi India wakawaandalia watu karamu Delhi na Mumbai. Deepika na Ranveer walirudi wakafanya karamu Bengaluru na Mumbai. Na ile harusi ya Anant Ambani na Radhika Merchant ya mwaka 2024, iliyozungumziwa miezi kadhaa? Sherehe za awali zilianzia Jamnagar mwezi Machi, kisha wageni wakapandishwa meli ya kifahari katika bahari ya Mediterania, kati ya Italia na Ufaransa. Lakini ndoa yenyewe ilifungwa wapi? Mumbai, nyumbani kwao, mwezi Julai.

Uelewe mpango huo vizuri, kwa sababu ndio tunaouiga nusunusu. Wenye nazo hutoka nje na watu wachache, wakalipa wao wenyewe, kisha wakarudi kuwalisha waliobaki. Sisi tunachukua ile nusu ya kwanza, ya kutoka nje, na kuiacha ya pili. Tena pale pa kulipa wenyewe tunaweka nambari ya Paybill.

Kazi ya kupanga harusi hizi nayo imegeuka. Zamani harusi ilikuwa siku moja: kanisani au msikitini, picha, msosi, keki, kila mtu kwao. Harusi ya ng'ambo siku hizi ni siku tatu au nne. Kuna chajio cha kuwakaribisha wageni, kuna siku ya ndoa, kuna kiamshakinywa cha kuagana, na pengine safari ya boti katikati. Mpangaji wa harusi hakodishi hema na viti pekee. Anakuwa wakala wa usafiri, karani wa viza na mlezi wa wageni, yote kwa pamoja, na mara nyingi anawasimamia watu ambao hajawahi kukutana nao ila kwa simu. Kuna hata kijana anayelipwa kushika simu kutwa nzima, arekodi vipande vya Insta na TikTok kabla keki haijakatwa.

Kazi yote hiyo ina gharama. Na kadiri siku zinavyoongezeka, ndivyo mgeni mmoja anavyozidi kuwa ghali. Ndiyo maana orodha inapungua. Watu wachache hawachaguliwi kwa sababu ya mapenzi peke yake. Wengine huchujwa na kikokotoo.

Cheti kwanza, picha baadaye

Kabla hujalipia ua hata moja, kuna jambo ambalo Insta haikuambii. Sherehe nyingi unazoziona kwenye majumba ya Ufaransa si ndoa kisheria. Ufaransa inataka mmoja wenu, au mzazi, awe na makao katika mji mtakaooania, na si makao ya wikendi. Basi wageni wengi wanaotoka nje huoana kwao kwanza, halafu wakaenda kule kuvaa, kula viapo mbele ya marafiki na kupigwa picha. Italia nayo humtaka mgeni alete hati kutoka kwa mamlaka za nchi yake kuonyesha kwamba hakuna kizuizi cha kuoa au kuolewa. Hiyo hati haichapishwi kwa saibakafe ya mtaani.

Huku kwetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 hutambua ndoa iliyofungwa nje ya nchi ikiwa ilifuata sheria za huko. Maana yake ni rahisi: kama mlisimama ufukweni, mkavishana pete mbele ya beste wenu aliyejifanya kasisi, mkarudi na video nzuri bila cheti, hiyo ilikuwa sherehe. Siku ya kugawana mali, ya kudai urithi au ya kuomba viza ya mwenzi, video haitakusaidia. Utaulizwa cheti.

Kwa hivyo wapangaji makini siku hizi hushauri wateja wao wafunge ndoa nyumbani kwanza. Kwa wengi wetu hiyo ni ile safari ya "kwa AG". Notisi ya ndoa ya kiserikali ni siku zisizopungua 21, mnaenda na mashahidi wawili, mnatoka mmeoana. Na ukishafika hapo, jiulize: ikiwa ndoa yenyewe imefungwa hapa hapa, kwa nini mama yako asiwepo? Kama lile la ng'ambo ni sherehe tu, basi hili la nyumbani ndilo harusi. Lipe heshima yake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Venice hawakuwa na uhakika kwamba wangepona. Mji huo wa kale una wakazi wasiofika 50,000, na tangu Aprili 2024 umekuwa ukiwatoza wageni wa kutwa ada ya kuingia katika siku zenye msongamano. Bezos alipopanga kuukodi kwa siku tatu, wakazi wengine walikasirika. Wanaharakati walitandaza bango kubwa katika uwanja wa Mtakatifu Marko kumkumbusha mambo ya kodi, na wengine wakatishia kujaza mifereji kwa mamba wa plastiki. Mwishowe, karamu moja iliyokuwa ifanyike katikati ya mji ilihamishiwa Arsenale, eneo ambalo ni rahisi kulinda. Viongozi wa mji kwa upande wao waliitetea harusi hiyo, wakisema inaleta pesa.

India nayo ililalamika kutoka upande wa pili. Novemba 2023, Waziri Mkuu Narendra Modi alizisihi familia tajiri, katika hotuba yake ya redio, ziache kupeleka harusi nje na zitumie pesa hizo nyumbani. Unaona? Nchi moja inalia kwamba harusi zimekuja kupita kiasi, nyingine inalia kwamba zimeondoka.

Sisi tuko pande zote mbili. Kuna Wakenya wanaoota Como, na kuna wageni wanaoota Diani, Watamu, Lamu na Maasai Mara. Kwa mzungu wa London, harusi ya ng'ambo ni hapa kwetu. Ikiwa wewe ni DJ, mpiga picha, mpishi, msusi au mpambaji, hilo ni soko lako. Jifunze kazi ya siku nne, si ya siku moja. Andika mkataba. Jua sheria ya cheti kabla mteja hajakuuliza. Na uulize swali la Venice mapema: hela za harusi hiyo zinalala wapi, kwa kijana wa Ukunda au kwa kampuni iliyokuja na kila kitu kutoka kwao hadi vitambaa vya meza?

Pasipoti ndiyo kadi ya mwaliko

Sasa turudi kwako na Como yako. Unaweza kuchapisha kadi nzuri, ukaandika majina kwa wino wa dhahabu. Lakini kadi inayomwingiza mtu Ulaya si yako, ni viza. Tangu Juni 2024, ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90, zaidi ya Sh13,000, na hairudishwi hata ukinyimwa. Ongeza bima ya safari inayofikia angalau yuro 30,000. Ongeza taarifa za benki, barua ya mwajiri, hoteli na nauli. Yote hayo kabla mtu hajanunua hata kiatu.

Mfikirie shangazi yako anayeuza mitumba Gikomba. Huenda ana pesa kukushinda, wewe na laptopu yako. Ila pesa zake huzunguka: asubuhi ni bale, jioni ni M-Pesa, kesho ni chama. Hazilali benki zikangoja afisa wa ubalozi azihesabu. Mfikirie beste wako wa boda, aliyekubeba ukienda mahojiano ya kazi ukiwa huna nauli. Barua ya mwajiri atamwandikia nani, pikipiki? Hao wawili utawaalika, na watafurahi, na watanyimwa viza, na utasema "pole, nilijaribu".

Mgeni anayekuja Diani anajaza fomu mtandaoni, analipa dola 30 hivi za idhini ya kusafiri, anapanda ndege. Safari moja, milango miwili. Hilo si kosa lako, na wala si wewe utakayelibadilisha kwa harusi yako. Lakini unalijua. Na ukilijua, basi ukichagua Ulaya umechagua pia nani hatakuwepo. Usijifiche nyuma ya ubalozi.

Kama ni lazima utoke nje, milango iliyo wazi ipo. Kigali na Kampala Mkenya huenda kwa kitambulisho tu. Zanzibar anahitaji pasipoti, lakini hahitaji viza. Ushelisheli na Mauritius vilevile hazimtaki viza. Bahari ni ile ile, na shangazi wa Gikomba anaweza kupanda basi, feri au ndege bila kuomba viza ubalozini.

Mchango wa nani, karamu ya nani?

Sasa tufike kwa lile ambalo watu hulisema pembeni tu. Unaingizwa kwenye kikundi cha WhatsApp saa nne usiku. Jina: "Harusi ya Fulani na Fulani". Kuna kamati, kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna lengo la bajeti. Hayo tumeyazoea, na mimi siyadharau. Kamati ya harusi imewavusha Wakenya wengi ambao wazazi wao hawangeweza kulipa hata hema. Unatoa Sh1,000 yako leo kwa sababu unajua siku yako itafika, na kwa sababu Jumamosi ile utaenda ule pilau, ucheze, umwone bibi harusi kwa macho yako. Ni deni na ni furaha kwa wakati mmoja.

Halafu unasoma vizuri: sherehe ni ufukwe wa mbali, wageni 30, na wewe si mmoja wao. Hapo mchango umebadilika jina. Mwanzoni ulikuwa unachangia harusi. Sasa unalipia likizo ya mtu. Kama ni likizo, tuambieni ni likizo, tuamue.

Kuna na upande wa waliochaguliwa. Rafiki anayeombwa awe msimamizi hujua kukataa ni kuvunja urafiki. Basi anakwenda kwa aplikesheni ya mkopo, anachukua, analipia tiketi, sare tatu za siku tatu, hoteli ambayo hakuichagua. Picha zinatoka moto. Wiki mbili baadaye ujumbe wa mkopo unaanza kumwamsha. Wazee walishalisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Tofauti ni kwamba hapa harusi ni yako na matanga ni yake.

Najua utasemaje

Utasema pesa ni zako. Kama kweli ni zako, sina neno. Nenda, tena utuletee zawadi.

Utasema harusi ya watu 25 Zanzibar inaweza kuwa nafuu kuliko ya watu 500 kwenye bustani ya Limuru. Kweli kabisa, na hiyo ni hoja nzuri. Wanandoa wengi huanza maisha wakidaiwa na mwenye hema, mwenye magari na mwenye ng'ombe, ili wawafurahishe watu wasiowajua majina. Harusi ndogo ni ukombozi. Wakati wa korona tuliona kwamba watu wachache wakikaa pamoja ndoa haipungukiwi na kitu. Lakini kama umeamua kupunguza watu, punguza na bajeti ya watu. Huwezi kuwa na harusi ya watu 25 yenye wachangiaji 500.

Utasema jamaa nao wamezidi: mjomba anataka msafara wa magari, mwenyekiti wa kamati anataka awe mgeni wa heshima, na kuna wale hufika saa ya msosi wakiwa na mifuko ya plastiki. Wamezidi, ndiyo. Ila dawa ya jamaa wasumbufu ni kuwaambia hapana ukiwa hapa hapa. Kutoroka hadi Ulaya ili usiseme hapana ni njia ghali sana ya kukwepa mazungumzo ya dakika kumi.

Basi ufanye nini? Kwanza, fanya ya nyumbani yawe kamili: ruracio, ntheo, ayie, nikahi, chochote kile ambacho kwenu ndicho kinachowaunganisha watu. Chukua cheti. Alisha watu, hata kama ni chai na mandazi uani. Pili, ukitoka, toka na unaoweza kuwalipia, au waambie bei yote mwaka mzima kabla, na uwape ruhusa ya kukataa bila kununiwa. Tatu, usifungue kikundi cha kuchangisha kwa ajili ya safari. Na nne, msimamizi wako asinunue sare tatu. Moja inatosha; picha zitatoka.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baada ya Como utarudi Umoja, Likoni au Nyalenda. Mtoto atalazwa usiku wa manane, kazi itaisha ghafla, mzazi atafariki. Siku hiyo mwenye hoteli ya Ziwa Como hatakupigia simu. Atakayefungua kikundi cha WhatsApp, akaandika jina lako, akatuma elfu ya kwanza kabla hajaombwa, ni yule yule shangazi wa Gikomba. Sasa andika orodha yako ya wageni ukimkumbuka.